Mstari Ambao Baba Yako Hakuueleza

Makongeni, Jumapili jioni

Nekesa mwanangu,

Umetoka sasa hivi na mama yako mdogo Rosa kwenda kutafuta kufuli ya sanduku, na nyumba imebaki kimya. Nina muda mpaka mrudi. Sitakuandikia habari za sabuni, wala za kufua soksi, wala za kuweka alama kwenye sahani yako isipotee bwenini. Hayo Rosa atayasema njia nzima mpaka uchoke, naye anayajua kuliko mimi. Mimi nina jambo moja, na wiki hii yote nimeshindwa kulisema kwa mdomo. Unanijua nilivyo. Nikikaribia jambo kubwa nainuka kwenda kuangalia kama chai imechemka.

Kesho unakwenda shule ya bweni Bungoma, na likizo fupi utazimalizia nyumbani kwa baba yako mdogo Wanyonyi, kwenye boma alikozaliwa baba yako. Ni watu wema. Watakupenda kwa sababu unatembea kama baba yako, ukiinamisha kichwa kana kwamba kuna kitu umeangusha. Lakini itafika siku, pengine mnachambua mboga, mtu atakwambia kwamba mama yako aliukataa ukoo. Kwamba baba yako Simiyu alipozikwa wazee walitaka nibaki, nirithiwe na ndugu yake, nami nikasema hapana, nikakushika mkono nikarudi Nairobi bila kueleza neno. Atakayekwambia hivyo hatakuwa anadanganya. Ndivyo ilivyokuwa.

Ninachoogopa ni wewe kuisikia habari hiyo bila sababu yake. Mtu asipopewa sababu hujitafutia yake, na huwa hatafuti iliyo nzuri. Wao walijitafutia. Naogopa nawe utafanya hivyo, halafu uje likizo ya Aprili ukiwa mgeni katika nyumba hii, unanijibu vizuri, unaosha vyombo bila kuambiwa, na hunitazami usoni.

Kwa hiyo nataka kukupa sababu. Nitaanza na kompyuta. Usicheke. Mimi nilijifunzia huko, na sijui njia nyingine ya kufika.

Tarishi unaijua kama kitu kilichokuwa kinachelewesha chakula chako cha jioni. Baba yako aliiandika tulipokuwa tunakaa mtaa wa Lucky Summer, kabla hujaanza shule. Ilikuwa programu ndogo yenye kazi moja. Ilichukua barua zilizoandikwa kwenye kompyuta ya kituo cha afya huko mashambani, ikazipitisha kwenye waya wa simu, ikazifikisha kwenye ofisi ya kanisa hapa mjini alikokuwa akifanya kazi. Hapo zilisomwa na watu waliokuwa wakipeleka chanjo na dawa na gesi ya friji. Baba yako hakuiuza. Aliitoa pamoja na msimbo wake, yaani yale maandishi yote yanayoiambia kompyuta ifanye nini, ili yeyote ayasome, ayabadilishe akipenda, ampe na mwingine. Rafiki zake walimwambia amerukwa na akili. Yeye alijibu kwamba kitu cha kufikisha barua hakifai kufungiwa. Disketi zikatoka mkono kwa mkono, na mtandao ulipofika Nairobi msimbo ule ukaenda mbali kuliko sisi wenyewe tulivyowahi kwenda. Watu tusiowajua wakaanza kumwandikia, wengine wakimtumia marekebisho waliyoyafanya.

Sasa sikiliza. Katika msimbo mtu anaweza kuweka mistari ambayo kompyuta inairuka. Haifanyi lolote. Imewekwa kwa ajili ya binadamu atakayesoma baadaye, imwambie kwa nini jambo limefanywa hivi na si vile. Tunaiita maelezo. Baba yako alikuwa karibu haandiki maelezo kabisa. Nilipokuwa nikimuuliza jambo, alikuwa akinigeuzia kioo cha kompyuta na kusema, "Nikueleze nini, Mama Nekesa, na mstari uko mbele yako?"

Ningependa kukwambia kwamba nilibishana naye. Sikubishana. Nilimwona yuko sawa. Tulisoma darasa moja chuoni, na kule mtu aliyejaza maelezo kwenye kazi yake tulimwona kama asiyejiamini, kama mtu anayeongea sana kwa sababu hajui. Sisi wawili tulijiona tumeupita utoto huo. Tulipendana hivyo, nadhani. Tulikuwa watu wa kukaa chumba kimoja saa nyingi bila kusema kitu, tukiamini kwamba kila mmoja anamsoma mwenzake.

Halafu homa ya uti wa mgongo ikaja, na katika siku chache hakuwa tena mtu wa kuulizwa.

Baada ya mazishi barua zake hazikukoma. Vituo vya afya viliendelea kuandika, na watu wa nje pia. Nilianza kuzijibu kwa sababu sikuweza kuvumilia kuona jina lake likiitwa na hakuna anayeitikia. Tulikuwa tumeshahamia hapa Makongeni kwa babu yako, baba yangu, na jioni nilikuwa nikibaki ofisini, mahali pake, kwa ruhusa ya wale waliomwajiri. Ndipo nilipousoma msimbo wake wote kwa mara ya kwanza, mwanzo hadi mwisho. Ulikuwa mzuri. Niliyaona mazoea yake humo, namna alivyopenda kumaliza jambo dogo kabla ya kuanza kubwa. Kuna jioni nilisoma huku nimeweka mkono mdomoni.

Katikati kulikuwa na mstari mmoja wa ajabu. Ulisema kwamba simu ya upande wa pili ikishaitika, Tarishi ikae kimya kwa muda mrefu kabla ya kuanza kuzungumza. Basi. Hakukuwa na neno la kueleza. Niliujaribu ofisini nikiwa na kompyuta mbili na laini mbili za mjini, na kusubiri kule hakukuwa na faida yoyote. Kulikuwa kunapoteza muda wa simu tu. Nikadhani ni kitu alichokiweka siku alipokuwa akijaribu jambo fulani, akasahau kukiondoa. Nikakifuta. Ninakiri nilifurahi kidogo, kama mke anayepata kosa la mumewe. Nikatia toleo jipya kwenye disketi, nikazituma vituoni.

Yakaja majuma ya ukimya. Vituo kadhaa vya magharibi havikuandika hata barua moja. Nami niliuchukulia ukimya huo kuwa sifa. Nilijiambia kila kitu kinakwenda vizuri, hakuna anayelalamika. Sikukumbuka kwamba njia yao ya kulalamika ilikuwa hiyohiyo niliyoiharibu.

Mwishowe Sista Agneta alipiga simu ofisini. Yeye ni msimamizi wa kituo cha afya cha misheni, mwanamke mwenye sauti ya kuamuru, na hakuanza na salamu. "Huyu Tarishi wenu siku hizi ni bubu," alisema. "Tumemtuma kuomba gesi, gesi haikuja. Chanjo zimeoza kwenye friji. Jana nimewarudisha akina mama na watoto wao mgongoni, na wengine walitoka ng'ambo ya mto. Sasa wewe niambie nilipaswa kuwaambia nini."

Nilipanda basi nikaenda.

Nilikaa katika chumba chake cha ofisi tangu asubuhi, na asubuhi yote Tarishi ilifanya kazi vizuri kabisa. Sista alinitazama kama fundi aliyeitwa kwa redio inayokataa kuharibika mbele yake. Mchana mvua ikaanza. Tukajaribu kutuma tena, ikashindwa. Nikaomba niinue mkono wa simu nisikilize mwenyewe. Laini ilikuwa ikikoroma, kisha ikatoa mlio kama vitunguu vinavyoingia kwenye mafuta ya moto, na baada ya muda, polepole, ikatulia ikawa safi. Tarishi ya baba yako ilikuwa ikisubiri mkoromo ule upite. Yangu ilianza kusema katikati ya kelele, haikusikika, ikakata tamaa.

"Lakini marehemu alilijua hilo," Sista akasema nilipomweleza. "Alikaa kwenye kiti hicho hicho. Tulimpa uji, ukapoa."

Alikuwa amesafiri, ameketi, amesikiliza, ameelewa, kisha akarudi nyumbani akaandika mstari mmoja na hakusema kwa nini. Nilimkasirikia, Nekesa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu afe. Nilikuwa nimelia na nimemkumbuka, lakini hasira ilikuwa bado haijafika, na ilipofika ilikuja kwa ajili ya jambo dogo namna hiyo. Maneno machache tu yangetosha.

Niliurudisha mstari ule nikiwa hapohapo, na juu yake nikakaa kuandika maelezo. Hapo nikagundua kwa nini pengine hakuyaandika. Nilianza kuandika, mkono ukasita. Msimbo ule ulikuwa unasomwa na watu wa nchi ambazo simu haziogopi mvua. Niliona aibu. Nilitaka kuweka neno la kujificha, niseme "kwa ajili ya uthabiti", neno linalosikika la kitaalamu na lisilosema kitu. Nadhani naye aliona aibu hiyohiyo, akachagua kunyamaza. Sisi watu wa huku ndivyo tunavyokosea. Tunajua dawa ya tatizo letu, na tunaificha dawa ili tatizo lisionekane.

Nikaishinda aibu. Niliandika hivi: "Subiri hapa. Mvua ikinyesha, laini za mashambani hukoroma kabla ya kutulia. Ukiwa mjini hutaona faida ya mstari huu. Kituo cha afya kitaiona. Usiuondoe kabla ya kujaribu siku ya mvua." Nilipotuma toleo hilo kwa wenzetu wa nje, nilikaa nikingoja kuchekwa. Aliyejibu kwanza ni Anselmo, mwalimu mmoja wa Brazili ambaye alikuwa akimwandikia baba yako tangu zamani. Aliandika sentensi moja: "Hata kwetu hukoroma, ila sikujua mtu mwingine anajua."

Usidhani baada ya hapo nikawa mwerevu. Nilikwenda upande wa pili mzimamzima. Niliupitia msimbo wote nikaandika maelezo juu ya kila mstari, nikieleza kwamba hapa tunaongeza moja, hapa tunafungua faili, hapa tunalifunga. Nilifanya hivyo miezi, nikijisikia mtu mwema. Anselmo akaniandikia kwa upole wake, "Dada, naona kwamba unaongeza moja. Macho ninayo. Nilikuwa nauliza kwa nini." Nilikasirika kutwa nzima. Kisha nikakaa nikafuta karibu yote, nikabakisha yale ambayo jicho la msomaji haliwezi kujionea lenyewe, yaani tulichokijaribu kikashindikana, tulichokiogopa, na mtu tuliyekuwa tunamfikiria tulipoamua.

Na mara nyingine nilibadilisha jambo nikasahau kubadilisha maelezo yaliyo juu yake. Kijana wa Kampala aliyaamini maelezo badala ya msimbo, akahangaika sana. Aliponiandikia hakuwa na matusi. Alisema tu kwamba angekuta patupu asingepotea. Hilo lilinichoma kuliko matusi. Maneno yaliyokuwa kweli jana nilikuwa nimeyaacha yaseme uongo leo, na jina langu likiwa chini yake.

Ule mwongozo wa wauguzi wa kutumia Tarishi, huo unaukumbuka, kwa sababu ulinisaidia. Niliuandika kwa Kiswahili cha kujivunia, kurasa nyingi, nikauona mzuri. Kisha nikakukalisha mbele ya kompyuta ofisini, Jumamosi moja, nikakwambia fuata kila ninalosoma, wala usifanye lolote ambalo sijasoma. Ulikuwa darasa la tano. Ulifuata vizuri mpaka nikasoma, "washa modemu kama kawaida." Mikono yako ikasimama hewani, juu ya kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta na simu. Nikangoja. Hukufanya kitu.

"Endelea," nikasema.

"Kawaida ya nani, Mathe?"

Nilikwambia usiniite Mathe, ukacheka, lakini lile swali liliuvunja mwongozo wangu wote. Neno "kawaida" lilikuwa karibu kila ukurasa. Kila mahali nilipokuwa nimechoka kueleza, nilikuwa nimeandika kama kawaida. Nikauandika upya, na safari hii nilikwenda kukaa na wauguzi wenyewe, nikitazama vidole vyao vinasimama wapi.

Sasa nimefika pale nilipokuwa naogopa kufika.

Kile kituo cha Sista Agneta hakiko mbali na boma la baba yako. Siku ile ya mvua, nikirudi kupanda basi, nilipita mbele ya lango lao. Nilimwona mtu ameinama uani akikinga maji ya paa. Sikuingia. Niliinua mwavuli upande ule nikapita. Na kwenye basi, huku bado naona fahari kwa maelezo yangu mazuri, ikanijia kwamba katika nyumba ile nilikuwa nimeacha jambo langu bila hata neno moja la kulieleza, na watu wanaishi nalo kila siku.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Baada ya mazishi ikafika siku ya kunyoa nywele, siku ambayo kwetu wazee hukaa na kupanga mambo ya marehemu, pamoja na mjane wake. Nilijua wangetaja Wanyonyi, kwa kuwa ndiye anayemfuata baba yako. Wanyonyi alikuwa na mke tayari, Rosa, na mtoto mchanga. Asubuhi hiyo nilikuwa jikoni nikisonga ugali wa wageni. Rosa akaingia, akafunga mlango kwa mgongo wake. Tulikuwa hatujawahi kuzungumza zaidi ya salamu.

Akaniambia, "Mama Nekesa, mimi sina kisomo wala mahali pa kurudi. Ukiingia kwa Wanyonyi, nitakuwa yaya katika nyumba yangu mwenyewe. Kataa. Na tafadhali usiseme ni mimi."

Nikamwambia sawa. Hakuna kingine nilichosema. Alinisaidia kuepua sufuria, akatoka.

Mchana wazee wakauliza. Nikasema hapana. Babu yako mmoja, ndugu mdogo wa baba yake Simiyu, mzee aliyenipenda tangu nilipoletwa pale, akainama kidogo na kuniuliza bila ukali: "Mke wetu, hiyo hapana ina nini ndani?" Alikuwa ananipa nafasi. Angekubali sababu yoyote, hata ya uongo, kwa sababu alitaka tu kitu cha kuwapa wengine. Mimi nikamtazama nikanyamaza, kama tulivyozoea kunyamaza mimi na baba yako, nikitaraji nisomwe. Kesho yake tukaondoka.

Wakajitafutia. Wengine walisema nina bwana Nairobi, wengine kwamba kisomo kimenipanda kichwani. Kuna aliyesema niliona kinyaa sakafu ya udongo. Mzee yule, nasikia, alisema tu kwamba hakuelewa, na alikufa hajaelewa. Hilo siwezi tena kulirekebisha.

Rosa alipofika juzi kukuchukua, uliona tulivyosalimiana kwa adabu nyingi, kama watu wa ofisi. Jana asubuhi, ulipokwenda mtaa wa Ziwani kumuaga rafiki yako, tulikuwa bombani tunaosha vyombo. Akasema bila kuniangalia, "Mtoto atalala kwangu. Watu watamjaza maneno. Mwambie ukweli, wako na wangu."

Nikamuuliza Wanyonyi je.

"Nilimwambia Krismasi," akasema. "Halafu akaniambia hata yeye aliomba ukatae. Alikuwa anamwogopa mwanamke wa kompyuta."

Tulicheka, Nekesa, mpaka mama wa mlango wa pili akatoka kutazama kuna nini. Kisha kicheko kikatuishia wote wawili kwa wakati mmoja. Rosa alikuwa ameshika sahani ileile, anaisugua tu. Watu watatu tulitaka jambo moja, kila mmoja akalificha kwa mwenzake, na tukavunja nyumba kwa ajili ya hilo. Miaka yote hii hukuwajua binamu zako.

Ningeweza kuishia hapa. Ingekuwa barua nzuri, na ungeniona mwanamke aliyejitoa kwa ajili ya mwenzake. Tangu jana nimejaribu kuamini kwamba hiyo ndiyo sababu. Lakini nimeshakwambia nilivyochomwa na yule kijana wa Kampala, na sitaki kukuachia wewe maelezo mazuri yaliyokaa juu ya msimbo unaosema kitu kingine.

Hata kama Rosa asingefunga ule mlango, ningekataa. Nilikuwa nimeshakataa kabla hajaingia. Sikutaka mtu mwingine alale mahali pa Simiyu, hiyo ni kweli, na ni sehemu ninayoweza kuisema bila haya. Ile nyingine ni ngumu zaidi. Nilimtazama Wanyonyi, na mikono yake ya shamba, na anavyochukua muda kutafuta neno, nikajiambia ndani kwa ndani kwamba mimi si wa hapa. Nilijiona juu yao. Waliosema kisomo kimenipanda kichwani hawakuona vibaya. Na nadhani hata kunyamaza kwangu mbele ya yule mzee hakukuwa kwa ajili ya Rosa tu. Sikuona kwamba anastahili kuelezwa.

Nilipoandika hayo niliinuka nikatembea mpaka mlangoni na kurudi. Bado ni kweli.

Basi mtu akikwambia kwamba mama yako alikuwa na majivuno, usigombane naye wala usilie. Mwambie ndiyo, mama mwenyewe amesema. Ukiona ana nia njema, mwambie pia kwamba nilimpenda baba yako na sikujua kukaa na mtu mwingine. Ya Rosa usiyatoe. Msimbo wa Tarishi ni wa kila mtu, lakini hayo ni ya Rosa, na amekupa wewe. Akitaka kuyasema mezani siku moja atayasema mwenyewe.

Na mimi nimemwomba Rosa awaambie nitakuja siku ya kuwatembelea wanafunzi, na kwamba nikitoka shuleni nitakuja nyumbani, kama watanipokea. Ninajua kaburi la yule mzee liko upande gani. Nitawaambia waliobaki nilichopaswa kumwambia yeye. Sijui watasema nini. Wanaweza kuniacha nimesimama uani. Hiyo ni haki yao.

Wewe umerithi ukimya kutoka pande mbili. Nimekuona ukiudhika na kuingia ndani ya kitabu, ukingoja nijue. Mara nyingi nimejua nikajifanya sijui, kwa sababu nami nilikuwa ndani ya kitabu changu. Sikuambii uwe msemaji. Siwezi kukufundisha nisichokiweza. Lakini ukiamua jambo linalogusa watu wengine, wape kwa nini, hata kwa maneno mabaya, hata kama inakuaibisha kidogo. Na ukikuta jambo la mwingine usilolielewa, hasa la mtu unayempenda, usilifute kwa haraka kama nilivyofanya mimi.

Kuna mengi yangu ambayo utayakuta baadaye na yatakushangaza. Mengine sikuyaeleza kwa kiburi, mengine kwa uchovu, na mengine sijui yenyewe yalitoka wapi. Uliza. Baba yako hatukuweza tena kumuuliza, na wewe na mimi tumelipia hilo. Mimi nipo.

Nilikusudia kuitia barua hii ndani ya sanduku, uikute ukishafika bwenini na mimi niko mbali. Nimeona huo ni ujanja wa zamani wa nyumba yetu, kusema jambo na kuondoka. Nasikia sauti zenu pale bombani, Rosa anamweleza mtu kufuli ilivyopatikana. Mkiingia nitakupa mkononi. Uisome nikiwa nimeketi mbele yako, na ukifika mahali usipopaelewa, simama hapo, uniulize.

Mimi mama yako